Mafuta Yamekwenda Wapi?

Nilikuwa na umri wa miaka 12 Mjomba alipomchinja ng'ombe wake wa mwisho kati ya wale waliougua nagana, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na mbung'o, kijijini kwetu wilayani Urambo, ambako mapori ya miombo yamefuga mbung'o tangu enzi za mababu. Alimchinja ili asije akamfia. Ngozi ilikuwa imegandamana na mbavu, na uti wa mgongo ulikuwa umechongoka kama paa la nyumba. Hata hivyo, kilichomfanya Mjomba anyamaze hakikuwa ule wembamba aliokuwa ameutazama kwa miezi kadhaa, bali figo. Figo za ng'ombe mwenye afya hufunikwa na mafuta meupe, magumu, ambayo kisu huyakata kama kinavyokata mche wa sabuni. Za huyu zilikuwa zimezungukwa na ute wa manjano uliotetemeka na kuteleza vidoleni. "Mpaka juzi alikuwa anakula," akasema. "Sasa mafuta yake yamekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu, na kwa miaka mingi niliamini, kama wanavyoamini wengi, kwamba vimelea ndivyo vilivyoyala. Nilipokuja kufundishwa kazi ya maabara ndipo nilipojua kwamba jibu hilo si sahihi, na kwamba swali la Mjomba lilikuwa limeshaulizwa kwa uzito mkubwa katika Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, kwanza juu ya sungura, kisha juu ya panya. Tangu hapo sijaacha kulifuatilia. Kwa jinsi ninavyoelewa mimi, sehemu kubwa ya kile tunachokiita ugonjwa, yaani kukonda, kukosa hamu ya kula, kupungukiwa damu na hata kulala siku nzima, haifanywi na kimelea chenyewe. Hufanywa na tishu za mgonjwa, ambazo zimepokea ujumbe kutoka kwa seli za kinga na kuutii kwa kuwasha baadhi ya jeni zake na kuzima nyingine. Panya wa maabara ndiye aliyetufunulia jambo hili hatua kwa hatua.

Mwaka 1980, Carol Rouzer na Anthony Cerami walieleza hali ya sungura walioambukizwa Trypanosoma brucei, ndugu wa karibu wa vimelea vya malale. Sungura hao walikonda vibaya, na wakati huohuo damu yao ilijaa mafuta. Hapo ndipo palipokuwa na fumbo, kwa sababu mnyama anayekonda tunamtarajia awe ameishiwa mafuta kila mahali. Kwa kawaida kuna kimeng'enya kiitwacho lipasi ya lipoprotini, ambacho hukaa kwenye kuta za mishipa midogo ya damu na kuyavunjavunja mafuta yanayosafiri humo ili seli za mafuta ziyachukue na kuyaweka akiba. Kwa sungura wale kimeng'enya hicho kilikuwa kimepungua mno. Mzigo ulikuwa umefika mlangoni, ila mlango wa ghala ulikuwa umefungwa. Nani aliufunga?

Jibu lilipatikana kwa panya wa aina mbili ambao kwa macho huwezi kuwatofautisha. Wote ni wa ukoo wa C3H, lakini tawi moja, C3H/HeN, huugua likidungwa endotoksini, ambayo ni sehemu ya ganda la nje la bakteria kama wale wa homa ya matumbo, ilhali tawi la pili, C3H/HeJ, likidungwa kiasi hichohicho huendelea na maisha kana kwamba halikuguswa. Hali hiyo ya HeJ ilijulikana tangu miaka ya 1960 bila sababu yake kujulikana. Mwaka 1981, Masanobu Kawakami na Cerami walimdunga endotoksini panya anayeugua, wakachukua majimaji ya damu yake, wakamdunga nayo panya asiyeugua. Kimeng'enya katika tishu za mafuta za huyu wa pili kikashuka.

Naomba msomaji asiliharakishe jaribio hili, kwa maana sijaona jaribio jingine linaloeleza jambo kubwa kwa vifaa vichache kiasi hicho. Panya wa HeJ hawezi kuitambua endotoksini. Kwa hiyo kilichoyabadili mafuta yake hakikuwa endotoksini. Kilikuwa kitu ambacho mwili wa jirani yake ulikitengeneza baada ya kuitambua. Kati ya bakteria na mafuta kuna mjumbe, na mjumbe huyo ni wetu wenyewe. Watafiti hao walionyesha vilevile kwamba hutoka kwa makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza vijidudu.

Mwaka 1985, Bruce Beutler, akiwa katika maabara ya Cerami, aliitenga protini hiyo na kuisafisha. Walikuwa wameipa jina kachektini, kutokana na neno la Kigiriki linalohusu hali mbaya ya mwili. Ilipopimwa mpangilio wake ikaonekana ni ileile ambayo wengine waliijua kwa jina la TNF, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kitu kinachoua uvimbe. Historia ya jina hilo la pili ilianza mwaka 1975, pale Lloyd Old na wenzake mjini New York walipowapa panya BCG, chanjo ileile inayoacha kovu dogo kwenye mikono yetu wengi, kisha wakawadunga endotoksini, na majimaji ya damu ya panya hao yakaua uvimbe wa saratani katika panya wengine. Kumbe kinachokausha uvimbe ndicho kinachomkondesha ng'ombe. Mwaka huohuo wa 1985, Frank Torti na wenzake, akiwemo Beutler, walionyesha kwamba seli za mafuta za panya zilizokuzwa maabara, zikiguswa na ujumbe wa makrofaji, hupunguza kusomwa kwa jeni zile hasa zinazozifanya ziwe seli za mafuta. Mafuta ya figo ya ng'ombe wa Mjomba hayakuliwa na mtu. Seli zilizoyatunza ziliamriwa ziache kuwa ghala.

Lakini panya wa HeJ alikosa nini? Beutler alilibeba swali hilo miaka mingi, na mwezi Desemba 1998 yeye na wenzake wakatangaza jibu: panya huyo ana kosa la herufi moja katika jeni iitwayo Tlr4, kosa ambalo huweka tofali la protini liitwalo histidini mahali pa lile liitwalo prolini, katika nafasi ya 712 ya protini. Protini hiyo ni kipokezi kinachokaa juu ya seli za kinga na kuihisi endotoksini. Herufi moja ikikosewa, makrofaji huwa kama kiziwi, na taarifa haitumwi kokote. Kwa kazi hiyo Beutler alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011.

Sasa tuone ujumbe unavyoingia mpaka kwenye jeni. Seli ya ini na seli ya ubongo za panya mmoja zina jeni zilezile, zaidi ya 20,000 zenye maagizo ya kutengeneza protini, na kinachozitofautisha ni zipi zinazosomwa na kwa kiasi gani. TNF haingii ndani ya kiini cha seli. Hushika kipokezi nje ya seli, na habari hupokezanwa ndani na protini moja baada ya nyingine mpaka imfikie mhusika ambaye Ranjan Sen na David Baltimore walimwelezea kwa mara ya kwanza mwaka 1986, yaani NF-κB. Seli ikiwa imetulia, NF-κB hukaa nje ya kiini, imeshikwa na protini ya kuizuia iitwayo IκB. Ujumbe ukifika, IκB hutiwa alama, kisha huvunjwavunjwa, na NF-κB iliyofunguliwa huingia ndani ya kiini katika muda wa dakika chache, ikatafuta mahali pake kwenye vinasaba na kuanzisha kusomwa kwa jeni nyingi kwa pamoja. Miongoni mwa jeni hizo ni ile ya IκB yenyewe, kwa hiyo amri inayowasha hubeba ndani yake mwanzo wa kuzima.

Kuzima kuna njia nyingine pia, na hii inanigusa zaidi kwa sababu ya kule nilikotoka. RNA, yaani nakala ya jeni inayobeba agizo la kutengeneza TNF, imewekewa mkiani alama inayoifanya isidumu. Protini iitwayo tristetraprolini huishika hapo na kuiharakishia kuvunjwa. Mwaka 1996 walielezwa panya walioondolewa jeni ya tristetraprolini. Walizaliwa wakionekana wazima, kisha wakaanza kukonda, wakavimba viungo na kupata uvimbe wa ngozi, bila vimelea, bila bakteria, bila mbung'o yeyote. Walipopewa mapema kingamwili za kuizuia TNF, mengi ya mambo hayo hayakutokea. Mwili wenyewe uliwafanya waugue, kwa kushindwa kuufuta ujumbe ulioutuma.

Mambo haya niliyasoma kabla ya kuyaona. Siku niliyoyaona, maabara tuliyokuwa tukifundishiwa ilikuwa na maini mawili ya panya, kila moja likiwa na uzito wa gramu moja na kitu. Panya mmoja alikuwa amedungwa maji ya chumvi, mwingine alikuwa amedungwa endotoksini saa 8 kabla. Mtaalamu aliyetusimamia, ambaye sote tulimwita Dada, alikata kipande cha kila ini na kukitumbukiza kwenye naitrojeni ya maji, yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri, na alifanya hivyo kwa haraka ambayo sikuielewa mpaka aliponieleza kwamba RNA huanza kuharibika mara tu mnyama akifa, na kwamba tukichelewa tutapima kifo badala ya ugonjwa. Vipande vilikuwa vigumu kama changarawe. Tulivisaga, tukatoa RNA, tukaigeuza kuwa DNA, tukaiingiza kwenye mashine ya PCR, ambayo huzidisha nakala mara mbili katika kila mzunguko, tukaketi kutazama mistari ikipanda kwenye skrini.

Kwanza ilikuja jeni ya kulinganishia, ambayo haitakiwi kubadilika: mistari ya maini yote mawili ilipanda pamoja, ikafunikana. Kisha ikaja jeni ya Saa1, inayotengeneza protini ya amiloidi ya majimaji ya damu. Mstari wa panya aliyeugua uliinuka, na ule wa panya mzima ukabaki chini, ukabaki, ukabaki, mpaka nikadhani tumekosea, halafu nao ukainuka mizunguko 10 baadaye. Dada akaniambia nianze na moja, nizidishe kwa mbili mara kumi. Ni 1,024. Ini lile, ambalo kwa macho halikutofautiana na mwenzake, lilikuwa limeongeza kusomwa kwa jeni moja zaidi ya mara elfu katika muda wa saa nane, kwa sababu tu lilikuwa limearifiwa na seli za mahali pengine kwamba kuna hatari.

Katika ini, ujumbe mkuu wa namna hiyo ni interlukini-6, nayo haipiti kwenye NF-κB bali kwenye njia fupi zaidi: kipokezi huamsha vimeng'enya viitwavyo JAK, navyo humtia alama STAT3, ambaye huingia kwenye kiini na kuzishika jeni mwenyewe. Kwa nini basi interlukini-6 ileile isiwashe Saa1 kwa kiwango hicho katika kila tishu? Kwa sababu STAT3 hufika mahali ambapo pameshaandaliwa. Vinasaba ndani ya kiini vimefungwafungwa kwenye protini, na kila tishu, tangu mnyama akiwa tumboni, imeamua ni sehemu zipi ziachwe wazi. Seli ya ini ina protini zake za kudumu zinazoziweka jeni kama Saa1 tayari kwa kusomwa. Ujumbe ni mmoja, ila wanaoupokea walikwisha kujifunza kazi tofauti kabla haujafika.

Kuna jeni nyingine ya ini ambayo ningependa kila mhudumu wa afya katika nchi zetu aijue, nayo ni ile ya hepsidini. Homoni hii huifunga protini inayotoa madini ya chuma ndani ya seli kuyapeleka kwenye damu, na kuifanya ivunjwe. Hepsidini ikipanda, chuma hubaki kimefungiwa ndani ya seli za utumbo na za makrofaji, na uboho hukosa cha kutengenezea damu. Mwaka 2004, Elizabeta Nemeth na wenzake walionyesha kwamba panya wa kawaida akisababishiwa kwa tapentaini uvimbe unaotokana na kinga, si ule wa saratani, hepsidini yake hupanda na chuma cha damuni hushuka, ila panya asiye na jeni ya interlukini-6 hapatwi na hayo. Mwili hufanya hivi kwa sababu bakteria wengi nao wanahitaji chuma, na kuwanyima ni kinga. Gharama yake hulipwa na mgonjwa. Nikimwona mtoto aliyeugua mara kwa mara, mwenye viganja vyeupe, ninajua kwamba malaria huvunja chembe zake nyekundu za damu, na ninajua pia kwamba ini lake huenda linakizuia chuma kilichomo mwilini mwake kwa amri ya kinga yake.

Panya si mtu, na tahadhari hii naiandika kwa moyo wote. Panya wengi wa maabara wana jeni ya Mx1 iliyoharibika. Jean Lindenmann, ambaye mwaka 1957 aliigundua interferoni, protini ya mwili inayopambana na virusi, pamoja na Alick Isaacs jijini London, alieleza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuhusu ukoo wa panya wa A2G ambao haufi kwa virusi vya mafua, na baadaye ikajulikana kwamba siri yao ni Mx1 iliyo nzima, inayowashwa na interferoni. Panya wa kawaida wa maabara hupokea interferoni vizuri kabisa, lakini jeni inayotakiwa kujibu haipo au ni mbovu. Tena binadamu hupata homa kwa nanogramu chache za endotoksini kwa kila kilo ya mwili, wakati panya huvumilia kiasi kilichozidi hicho mara maelfu mengi, na akizidiwa katika chumba cha kawaida mwili wake mara nyingi hupoa badala ya kuchemka. Mwaka 2013 kikundi kimoja kililinganisha jinsi jeni za watu na za panya zinavyobadilika katika hali za uvimbe mkali na kudai kwamba hazifanani. Mwaka uliofuata wengine wakazichambua takwimu zilezile kwa njia tofauti na kudai kwamba zinafanana sana. Nimezisoma hoja zote mbili, na naona ukweli unategemea jeni gani unaiuliza na katika tishu gani.

Tofauti hizo zimeshagharimu. Mwaka 1985 Beutler na wenzake walionyesha kwamba kingamwili dhidi ya TNF huwakinga panya wasife kwa endotoksini, mradi wapewe kabla. Katika miaka ya 1990 dawa za aina hiyo zilijaribiwa kwa wagonjwa wa sepsisi, yaani hali ambapo mwitikio wa mwili kwa maambukizi hugeuka kuharibu viungo vyake, na matumaini yaliyokuwapo hayakutimia, ingawa dawa hizohizo zimewasaidia sana wagonjwa wa baridi yabisi. Mgonjwa hafiki hospitali kabla ya ujumbe kutumwa. Hufika wakati jeni za wimbi la kwanza zimeshasomwa na za pili zinaendelea. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yanasema kwamba mwaka 2017 watu milioni 48.9 duniani walipata sepsisi na milioni 11 walikufa, na Afrika kusini mwa Sahara ni miongoni mwa maeneo yaliyobeba mzigo mkubwa zaidi.

Ndiyo maana niliisoma kwa shauku kazi iliyotoka mwaka 2024 katika maabara ya Nicolas Chevrier, Chuo Kikuu cha Chicago. Walipima jinsi jeni zinavyobadilika katika viungo mbalimbali vya panya mwenye sepsisi, kisha wakawadunga panya wengine saitokini 6, yaani protini za ujumbe wa kinga kama TNF, moja moja, na halafu jozi zote 15 zinazoweza kupatikana kutokana na hizo sita. Jozi tatu, yaani TNF pamoja na interlukini-18, au na interferoni-gama, au na interlukini-1 beta, zilitosha kuiga sehemu kubwa ya kile ambacho sepsisi huzifanyia tishu, na mabadiliko ya aina 195 za seli katika viungo 9 yalikadiriwa ili kuonyesha zipi zinaongezeka na zipi zinatoweka. TNF ipo katika kila jozi, ila kinachoamua ni nani ameandamana nayo.

Swali la Mjomba nalo lina watafiti wake karibu na nyumbani. Mwaka 1997, watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo, ILRI, yenye makao jijini Nairobi, pamoja na wenzao, walionyesha maeneo ya vinasaba vya panya yanayowafanya panya wa ukoo wa C57BL/6 waishi muda mrefu zaidi kuliko wale wa koo za A/J na BALB/c wakiambukizwa vimelea vya nagana. Mwaka 2011 utafiti ulihamia kwa ng'ombe wenyewe: N'Dama wa Afrika Magharibi, ambao huvumilia nagana, na Boran wa kwetu, ambao hawaivumilii, wakatolewa vipande vidogo vya tishu, ini likiwemo, ili kupima jeni zinazowaka wakati maambukizi yakiendelea. Kati ya jeni walizozitaja kuwa zinatofautiana kati ya koo hizo mbili ni TICAM1. Protini yake hupokea habari kutoka kwa TLR4, kipokezi kilekile kilichokosewa herufi moja kwa panya wa HeJ.

Usiku nilipoisoma nilimpigia Mjomba simu. Sasa ni mzee, na husikia vizuri zaidi kwa sikio la kushoto. Nilimweleza habari ya mafuta, kwamba hayakuliwa, kwamba mwili wa ng'ombe wenyewe uliyafungia nje, na kwamba wapo ng'ombe huko Afrika Magharibi ambao miili yao haifiki huko. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama hao N'Dama wanatoa maziwa. Nikamwambia, kidogo sana, Mjomba.